Kwa Nini Timu Humwacha Mchezaji Mkongwe?



Katika darasa letu la mwaka wa mwisho kuna mabishano ambayo hayajapata mwamuzi. Wenzetu wawili wameitwa na timu za mpira za hapa Bujumbura, na mmoja wao anataka kuacha shule kabla ya Mtihani wa Serikali ili apate kusaini mara moja. Wako wanaomsifu, wakisema kwamba miguu ina wakati wake na kalamu haina wakati. Wako pia wanaomlaumu. Mimi si hakimu. Nimeona afadhali nilete somo, tena ni somo la hesabu zaidi kuliko la mpira: kwa nini timu humwacha mchezaji mkongwe ambaye bado anacheza vizuri? Kijana anayeingia katika kazi hii yampasa ajue inavyokwisha, maana mwisho wake huandikwa katika karatasi ile ile anayoisaini siku ya kwanza.

1. Maana ya kikomo cha mishahara

Kikomo cha mishahara ni sheria ya ligi inayokataza kulipa mishahara kupita kiasi kilichowekwa. Haidhuru mwenye timu awe tajiri namna gani. Akifika pale, hana ruhusa kuongeza. Sheria hii iko ya namna mbili, na tusipozitenganisha hatutaelewa jambo lenyewe.

Namna ya kwanza ni kikomo cha mtu mmoja mmoja. Uingereza walikuwa nacho tangu mwaka 1901, na hapo mwanzo mchezaji hakuweza kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Kiasi hicho kiliongezwa kidogo kidogo hata kikafika pauni 20. Mwezi wa Januari 1961 kikafutwa, baada ya wachezaji wakiongozwa na Jimmy Hill kutishia kugoma. Mara tu baada ya hapo timu ya Fulham ilimlipa Johnny Haynes pauni 100 kwa wiki. Sheria ile ya zamani iliwadhulumu wachezaji mifukoni mwao, hapana shaka. Lakini haikuwafanya wagombane wao kwa wao, kwa kuwa mzee na kijana wote waligonga dari moja.

Namna ya pili ni kikomo cha timu nzima. Hiki ndicho kilichowekwa mwaka 1994 katika ligi ya Marekani iitwayo NFL, ya mpira ule wao wa kushikwa mikononi. Mwaka huo kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 34.6 kwa wachezaji wake wote. Mwaka 2025 kiasi kilikuwa dola milioni 279.2. Nia yake si mbaya: ni kuzuia timu za miji mikubwa zisikusanye wachezaji bora wote. Green Bay ni mji wa watu laki moja na kidogo, mdogo sana kuliko Bujumbura yetu, na hata hivyo timu yake ilichukua ubingwa wa ligi ile Februari 2011. Pasipo kikomo, ingekuwa vigumu mji kama huo kushindana na New York kwa fedha.

Basi shida iko wapi? Shida ni kwamba katika namna hii ya pili wachezaji wote wanakula katika sinia moja. Anayechota zaidi humpunguzia jirani yake. Kila mwaka kiongozi wa timu hulitazama sinia na kujiuliza: nani anakula kingi, na nani anaweza kufanya kazi ile ile kwa tonge moja? Mara nyingi jicho lake humwangukia mkongwe.

2. Hesabu yenyewe

Tufanye mfano kwa faranga zetu ili kila mtu aelewe. Tuseme kuna mlinzi aliyesaini mkataba wa miaka 5 kwa kanuni za Marekani. Siku ya kusaini alipewa faranga milioni 10 taslimu. Ingawa amekwisha kuzipokea zote, katika daftari la ligi fedha hizo hugawanywa kwa miaka 5, yaani milioni 2 kila mwaka. Mshahara wake wa mwaka wa nne ni milioni 7.

Akibaki, mwaka wa nne atahesabiwa milioni 2 na milioni 7, jumla milioni 9.

Je, akiachwa kabla ya mwaka wa nne kuanza? Ikiwa mshahara ule haukuwekewa dhamana katika mkataba, hatalipwa hata faranga moja. Lakini zile milioni 2 za mwaka wa nne na milioni 2 za mwaka wa tano, ambazo alikwisha kuzila, huangukia daftari kwa mara moja: milioni 4. Wamarekani huziita fedha mfu, kwa sababu zinahesabiwa na mtu mwenyewe hayupo uwanjani. Timu imeokoa 9 kutoa 4, yaani milioni 5. Akiletwa kijana wa milioni 1 mahali pake, bado timu ina milioni 4 za kumtafuta mtu mwingine.

Tazameni vizuri hesabu hiyo. Hakuna tarakimu hata moja inayosema mlinzi yule alicheza vipi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alicheza na jeraha, au kwamba aliwafundisha wadogo wake namna ya kusimama uwanjani. Swali moja tu limeulizwa: tukimwacha leo, tutabaki na ngapi?

Tena hesabu hiyo inaweza kumlinda mchezaji. Kama fedha mfu ni nyingi kuliko mshahara unaookolewa, timu itasita kumtoa. Mwaka 2024 timu ya Denver ilimwacha Russell Wilson, na kwa sababu ya maandishi ya mkataba wake ilibidi ihesabiwe dola milioni 85 za mtu aliyekwenda zake, zikigawanywa katika misimu miwili. Mwenzangu, jambo hili ndilo la kushika: si kiasi kikubwa kinachotangazwa kinachomlinda mchezaji, ila ni kile kilichowekewa dhamana.

3. Watu waliokutwa na hesabu hii

Mwaka ule ule kikomo kilipoanza, 1994, timu ya New York Giants ilimwacha Phil Simms. Alikuwa na umri wa miaka 38, na msimu uliotangulia alikuwa amecheza michezo yote 16 na kuchaguliwa miongoni mwa wachezaji bora wa ligi. Hakucheza tena.

Wa pili ni Peyton Manning wa Indianapolis. Mwaka 2011 hakucheza kabisa kwa sababu ya kupasuliwa shingo. Tarehe 8 Machi 2012 timu ilipaswa kumlipa dola milioni 28 kwa mujibu wa mkataba. Tarehe 7 Machi, siku moja kabla, ikamwacha. Mwezi uliofuata ikamchukua kijana Andrew Luck. Manning alikwenda Denver akikaribia kutimiza miaka 36. Kwa msimu wa 2013 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, na Februari 2016 akachukua ubingwa, ndipo akastaafu. Na yule kijana? Andrew Luck alistaafu Agosti 2019 akiwa na miaka 29, kwa ajili ya majeraha. Basi anayefikiri kwamba hesabu hii ni hatari ya wazee peke yao, na amkumbuke Luck.

Wa tatu anajulikana hata na watoto wa Buyenzi wanaocheza na mpira wa matambara: Lionel Messi. Hispania, tangu mwaka 2013, ligi huipa kila timu kikomo kwa kadiri ya mapato yake. Barcelona ilipopungukiwa mapato wakati wa korona, kikomo chake kilishuka sana. Timu iliyopita kikomo wakati huo iliruhusiwa kutumia robo tu ya kile ilichookoa. Yaani ukitaka kumwandikisha mchezaji wa milioni 1, kwanza uokoe milioni 4. Messi alikuwa amekubali mshahara wake upunguzwe nusu, lakini hata nusu hiyo haikuingia. Tarehe 5 Agosti 2021 Barcelona ilitangaza kwamba anaondoka, naye alikuwa na miaka 34, akiwa ameingia pale mtoto wa miaka 13. Desemba 2022 alikuwa nahodha wa Argentina ilipochukua Kombe la Dunia. Hapana mtu awezaye kusema kwamba aliondoka kwa sababu miguu ilikuwa imechoka.

4. Sheria njema yenye meno ya nyuma

Iko sheria moja ambayo imenifundisha mengi. Katika ligi ile ya Marekani kuna kima cha chini cha mshahara, nacho hupanda kadiri mchezaji anavyoongeza miaka ya utumishi. Nia yake ni kumheshimu mkongwe. Lakini matokeo yake ni kwamba mkongwe, hata akikubali mshahara mdogo kuliko wote, bado ni ghali kuliko kijana. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kumlinda ikawa sababu ya kumtoa.

Walipoliona jambo hilo wakatengeneza dawa: mkongwe anayesaini kwa mwaka mmoja kwa kima chake cha chini hulipwa haki yake yote, lakini katika daftari la kikomo huhesabiwa kama mtu wa miaka 2 ya utumishi tu. Hivyo hapungukiwi mfukoni, wala timu haina sababu ya kumkimbia. Nasema haya kwa faida ya kaka zetu mlio katika vyama na ofisi: haki ya mtu mzima ikiandikwa bila kuangalia nani atailipa, inaweza kumgeukia mwenyewe.

5. Na kwetu?

Msomaji atasema, "Wewe unatuhadithia dola za Marekani, na sisi tuko Bujumbura." Ni kweli, sheria ya kikomo cha mishahara kama ile ya NFL si yetu. Lakini kikomo kina sura nyingi. Chukueni Ligi Kuu ya Tanzania, ambako vijana wengi wa Burundi hutamani kwenda. Kule kikomo hakikuwa cha fedha, kilikuwa cha viti: kwa kanuni ya msimu wa 2022/23 klabu iliruhusiwa kusajili wachezaji wa kigeni 12, basi. Mrundi akienda Dar es Salaam ni mgeni, na amekalia kiti kimoja cha wageni. Klabu ikimpenda Mkongo au Mghana mwenye miaka 23, lazima mtu ashuke chomboni. Hesabu ni ile ile ya sinia, ila mahali pa tonge pamewekwa kiti.

Tumtazame Saidi Ntibazonkiza, ambaye wengi humwita Saido. Alizaliwa hapa Bujumbura mwaka 1987, akachezea Vital'O, kisha akaenda NEC ya Uholanzi, Cracovia ya Poland, Akhisar ya Uturuki na Caen ya Ufaransa. Mwaka 2020 aliingia Yanga. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 2022, akiwa na miaka 35, Yanga iliagana naye. Wapenzi wa mpira wa Tanzania wana msemo wao kwa jambo hili: husema mchezaji "amepewa Thank You", kwa sababu klabu hutoa picha yake yenye maneno hayo. Asante ni neno zuri, lakini siku hiyo ni neno chungu.

Saido akaenda Geita Gold, timu ndogo ya mji wa dhahabu, kisha katikati ya msimu Simba ikamchukua. Msimu wa 2022/23 ulipokwisha alikuwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, nao wawili ndio waliokuwa vinara wa ufungaji wa ligi nzima. Mtu wa miaka 36! Mwaka 2024 Simba nayo ikaagana naye. Hivi ndivyo kazi hii ilivyo hata kwa aliyefika mbali kuliko sisi sote.

Tena iko namna nyingine ya kikomo, nayo haikuandikwa katika kanuni yo yote. Ni sanduku tupu. Mjomba wangu alichezea timu moja ya hapa kwa miaka mingi. Mwaka mmoja karatasi ya majina ya msimu mpya ilibandikwa mlangoni, na jina lake halikuwamo. Hakuitwa ofisini, hakuambiwa neno. Alipouliza haki zake aliulizwa, "Mkataba wako uko wapi?" Hakuwa nao, kwa maana siku zote walikuwa wakiahidiana kwa mdomo. Siku hizi anatengeneza baiskeli, na anaifanya kazi hiyo vizuri. Mimi humwuliza kama anasikitika kuachwa. Hunijibu kwamba kuachwa si kitu, kila mchezaji ataachwa. Kinachomwuma ni kwamba aliachwa mikono mitupu, bila karatasi ya mpira wala karatasi ya shule.

6. Mambo ya kujua kabla ya kusaini

Sasa nawageukia wenzangu wawili, na wadogo zetu wanaokuja nyuma. Shirika la mpira la dunia, FIFA, lina kanuni kuhusu mikataba ya wachezaji. Kila mmoja wetu anaweza kuzijua, maana si siri. Nimechagua sita.

Kwanza, mchezaji wa kulipwa lazima awe na mkataba wa maandishi. Ahadi ya mdomo ni upepo.

Pili, mkataba kwa kawaida hauwezi kupita miaka 5. Kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 18 hauwezi kupita miaka 3.

Tatu, mkataba hauwezi kuvunjwa na upande mmoja katikati ya msimu. Hapa ndipo mpira wetu unapotofautiana na ule wa Marekani: kule mtu aweza kuachwa na mshahara usio na dhamana ukakatika, kwetu timu inayovunja mkataba pasipo sababu ya haki hupaswa kumlipa mchezaji fidia. Ndiyo maana timu nyingi hungoja mkataba uishe, kisha hukaa kimya. Kwa hiyo tarehe ya mwisho wa mkataba ni muhimu sawa na mshahara wenyewe.

Nne, timu isipolipa kwa makosa yake mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia na kuipa muda wa angalau siku 15 ilipe deni lote. Isipolipa, ana haki ya kuvunja mkataba. Lakini bila maandishi atathibitisha nini?

Tano, mkataba uliosainiwa hauwezi kuwekewa sharti la kupimwa na daktari au kupata kibali cha kazi. Timu na ipime kwanza, ndipo isaini. Anayekuambia, "Saini, tutaona baadaye," anataka wewe ufungwe na yeye abaki huru.

Sita, kijana asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kuchezea nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mtu anayekuja Bujumbura kumchukua mtoto wa miaka 15 akimwahidi Ulaya, na aulizwe maswali mengi mbele ya wazazi.

7. Neno la mwisho

Sisemi kwamba timu ni adui. Timu isiyofanya hesabu hufa, na ikifa wote hukosa, mkongwe na kijana. Wala sisemi mwenzetu asicheze. Namtakia mabao mengi, nami nitakuwa jukwaani katika uwanja wa Intwari nikimshangilia hata sauti ikauke. Ninalosema ni hili: timu itamfanyia hesabu tangu siku ya kwanza, basi na yeye ajifanyie yake. Kazi ya mpira hudumu miaka 10, au 15 kwa mwenye bahati. Mtu akiachwa na miaka 33, bado ana miaka 30 ya kufanya kazi mbele yake. Miezi iliyobaki kabla ya mtihani ni michache. Miaka ile ni mingi. Timu inayomtaka kwa kweli itaweza kumngojea hata amalize, na isiyoweza kungoja miezi michache haitamngojea siku atakapovunjika mguu.

Wazee husema akiba haiozi. Cheti ni akiba, na mkataba uliosomwa vizuri ni akiba pia.

Zoezi kwa wasomaji

(a) Mchezaji alisaini miaka 4 na kupewa faranga milioni 12 siku ya kusaini. Mshahara wa mwaka wa tatu ni milioni 5, bila dhamana. Kwa kanuni tulizoeleza, timu itaokoa ngapi katika daftari la mwaka wa tatu ikimwacha kabla ya mwaka huo kuanza? Je, ungemwacha?

(b) Kama ungetunga kanuni kwa ligi yetu, ungechagua kikomo cha mtu mmoja mmoja, kikomo cha timu nzima, au usingeweka kikomo? Eleza nani atafaidika na nani ataumia.

(c) Kaka zetu mliopata kuchezea timu za mjini: ni neno gani mlilotamani liandikwe katika mikataba yenu, nalo halikuandikwa? Tafadhali mwandikieni mhariri. Majibu yenu yatawafaa wenzetu wawili kuliko maneno yangu.